Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Baba

Harufu ya kwanza ya serikali niliyoinusa maishani mwangu ilikuwa mkojo wa popo. Jengo la mahakama ya mwanzo pale Karatu, miaka hiyo, lilikuwa na dari ya mbao zilizooza, na popo walikuwa wamehamia humo ukoo mzima, wakilala mchana wakati wa kesi na kukojolea haki za watu waliokaa chini. Harufu ile ilichanganyika na wino wa muhuri, na vumbi jekundu, na makoti ya wazee yaliyolowa ukungu wa msimu wa baridi, maana Karatu mwezi wa saba asubuhi huwezi kuona hata ng'ombe aliye hatua kumi mbele yako. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikiingia ofisi ya umma, hata iwe imepigwa rangi jana na kuwekwa vigae vya kung'aa, pua yangu inamtafuta popo kwanza. Na mara nyingi inampata.

Nijitambulishe, usije ukadhani unasoma malalamiko ya mtu aliyeshindwa maisha. Mimi ni fundi. Gereji yangu iko kando ya barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, na ukiona gari la watalii limenyanyua paa kule kreta, wageni wamesimama ndani wanampiga picha faru, kuna uwezekano mkubwa kwamba paa lile nimelikata na kulichomelea mimi, kwa mikono hii. Sikufundishwa chuoni. Shule niliishia darasa la tano, tena kwa kubahatisha. Vijana wenye vyeti vya ufundi wanakuja kwangu kujifunza kupinda bomba, na wengine nawarudisha makwao kwa sababu mikono yao imezoea kushika simu. Nimejenga nyumba mbili za matofali ya kuchoma, nimesomesha watoto wanne, mmoja anasoma sheria, na nimeshamwambia siku akiwa hakimu asije kula kwangu akiwa amevaa joho. Kwa hiyo ninapowadharau watu wa mahakama na wa ustawi wa jamii, siwadharau kwa wivu. Nawadharau kwa sababu nimewaona wakifanya kazi.

Nimekumbuka haya yote kwa sababu mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha wadau, hapa hapa Karatu, cha kuzungumzia mageuzi ya huduma za ulinzi wa mtoto na mahakama za familia. Nitarudi huko. Lakini kwanza nikupeleke kwetu.

Kwetu ni Endamarariek. Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa amerudi kwa mama yake, bibi yetu, ambaye sisi Wairaqw tunamwita aama. Alirudi na watoto wawili: mimi, Boay, na mdogo wangu Basilisa, aliyekuwa na miaka mitano na kikohozi kisichokwisha. Aliporudi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa vijiti na kipande cha khanga, maana baba yangu, Sulle, alikuwa ameuvunja kwa fimbo ya kuchungia. Simpambi baba yangu kwa sababu amekufa. Alikuwa mtu mzuri mpaka saa nne asubuhi, na baada ya hapo alikuwa mali ya kilabu cha pombe. Nyumba ya aama ilikuwa tembe la chini, nusu limeingia ndani ya kilima, na mlango wake ulimlazimisha kila mtu kuinama, hata padri. Asubuhi ilinuka moshi na majivu ya mabua, na juu ya vichwa vyetu maharage yalikuwa yakikauka kwenye maganda, yakipasuka moja moja kama mtu anayevunja vidole. Mimi na Basilisa tulilala kwenye ngozi moja. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama chura, na kila siku aliipenyeza katikati ya magoti yangu ili niipashe moto. Nilimchukia kwa hiyo miguu. Nilikuwa naisukuma, naye anairudisha bila hata kufungua macho.

Baba hakutufuata kwa sababu ya mapenzi. Alitufuata kwa sababu ya ng'ombe, na hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila Mwiraqw analijua na hakuna Mwiraqw anayelitangaza. Ng'ombe unaowaona zizini kwa mtu si lazima wawe wake. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote mahali pamoja. Anampa huyu wawili, yule mmoja, ng'ambo ya bonde watatu. Ugonjwa ukiingia zizi moja, wengine wanapona. Jirani asiye na kitu anapata maziwa kwa watoto wake na samadi kwa shamba lake, ndama wanabaki wa mwenyewe, na ujirani unakaa vizuri. Lakini jambo hilo lina adabu yake. Humuulizi mtu yupi ni wako na yupi umewekewa. Aliyeweka hasemi, na aliyewekewa hasemi. Mtoto akiulizwa na mgeni ng'ombe hawa ni wa nani, jibu ni moja tu, ni wa hapa nyumbani, kwa sababu ukijibu vingine umemvua nguo mwenye nyumba. Nilipokuwa na miaka sita nilimwambia mchuuzi wa ngozi kwamba ndama fulani ni wa mzee fulani wa ng'ambo. Nilichapwa siku hiyo mpaka fimbo ikachanika, na sikurudia.

Zizini kwa baba kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Wa kwake alikuwa mmoja, dume aliyekatwa mkia na fisi. Kumi walikuwa wa watu. Na mmoja kati ya hao kumi, jike mwekundu mwenye pembe ya kulia iliyoinama mpaka karibu na jicho, alikuwa wa aama mwenyewe, aliyemweka kwa mkwewe siku zile za harusi ambapo kila mtu alikuwa bado anacheka. Aama alikuwa na wengine sita kwa majirani, kwa kuwa mumewe alishakufa, na mjane asiye na kijana wa kuchunga hawezi kukaa na zizi lililojaa. Nyumbani kwake alibaki na mbuzi mmoja mwenye hasira. Sasa fikiria mwenyewe. Nani anaweka ng'ombe wake kwa mlevi? Watu waliweka kwa baba kwa sababu ya mchungaji, na mchungaji nilikuwa mimi, mama akinishikia saa za shule. Siku mama alipoondoka nasi, wenye ng'ombe walianza kupita kwa baba na kumuuliza kwa upole, Sulle, siku hizi nani anachunga? Baba akalielewa swali. Wiki ileile akaenda Karatu kufungua shauri la kudai watoto wake.

Mahakama ikaagiza afisa ustawi wa jamii aje kuangalia mazingira ya kila mzazi. Alitoka wilayani, kijana mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate, na mkoba wa ngozi aliouweka kifuani kama mtoto mchanga. Alifika kwa aama kwanza. Hakuingia ndani. Aliutazama ule mlango wa chini, akaitazama suruali yake, akaamua kwamba ndani ameshapaona. Mama akamletea kigoda kwa mkono wake mmoja mzima. Hakuuliza ule mwingine umefanya nini.

"Mama, una ng'ombe wangapi?" akamuuliza aama.

"Ninakunywa maziwa," aama akajibu.

"Sikuuliza maziwa, mama. Nimeuliza ng'ombe."

"Na mimi nimekujibu, mwanangu."

Mtoto wa miaka minne wa Kiiraqw angeelewa jibu lile. Bibi alikuwa anamwambia ninao, ni wa kutosha, na sitawataja waliko, kwa sababu kuna majirani sita ambao siwezi kuwavua nguo kwa ajili ya karatasi yako. Yule kijana akaandika maneno mawili, nayo niliyasikia baadaye yakisomwa kwa sauti mahakamani: hana mifugo. Kisha akaniambia nimwonyeshe njia ya kwenda kwa baba.

Tulifika saa sita mchana. Ng'ombe wote kumi na mmoja walikuwa bado zizini, matumbo yameingia ndani, wakilamba miti ya uzio, kwa sababu baba hakuwa ameamka kuwatoa. Ukimkuta ng'ombe zizini saa sita mchana mwezi wa saba, huhitaji kuuliza lolote kuhusu mwenye nyumba. Lakini yule kijana uso wake uling'aa. Aliinua kalamu akaanza kuwahesabu kwa ncha yake, mmoja, wawili, watatu, kama mtu aliyekuwa amechoka kuona umaskini na sasa amefika mahali pa heshima. Baba akatoka akijifuta mdomo, akampa kigoda kizuri na kibuyu cha maziwa mgando. Yule mwekundu wa aama aliniona, akaja mpaka kwenye uzio, akanilamba kiwiko kwa ule ulimi wake wenye chumvi.

"Mtoto," afisa akasema, "hawa wote ni wa baba yako?"

Nilimtazama baba. Nilimtazama yule mwekundu. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, na nilikuwa nimeshachapwa mara moja.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika. Kisha akanywa yale maziwa mpaka mwisho, akayasifu, na mimi nilijua yalikamuliwa kwa nani, kwa sababu zizi zima lilikuwa na jike mmoja tu anayenyonyesha. Alikunywa maziwa ya aama huku karatasi yake inasema aama hana ng'ombe. Alikaa pale kwa muda wa kibuyu kimoja, akaondoka. Huo ndio ulikuwa uchunguzi wa maisha yangu.

Shauri liliahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza hakimu alikuwa amekwenda msibani. Mara ya pili karani alisafiri na ufunguo wa kabati. Kila mara tulitoka Endamarariek alfajiri, mama, aama, mimi, na Basilisa mgongoni kwa aama kwa kuwa mkono wa mama ulikuwa haujapona, tukatembea mwendo wa saa nne kwenye ukungu na kurudi saa nne kwenye vumbi. Aama alimsemesha mama njia nzima. "Waambie kuhusu mkono." Mama akasema atawaambia wakimuuliza. "Na wasipouliza?" Hawakuuliza.

Siku ya hukumu hakimu alikaa juu, na pembeni yake wazee wawili wa baraza, ambao kazi yao ilikuwa kumsaidia kuelewa mila za wenyeji. Mmoja alikuwa mzee Bura, mwenye koti la kijani lenye vifungo vya shaba alilovaa mahakamani tu. Mzee Bura alitoka kijiji chetu. Mzee Bura alikuwa na jike mweusi zizini kwa baba yangu. Hebu lisome tena hilo, kwa sababu mimi limenichukua miaka mingi kulimeza. Mtu aliyewekwa pale ili amweleze hakimu mila zetu alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe ndani ya wale kumi na mmoja waliokuwa wakihesabiwa kama utajiri wa Sulle. Karani alisoma taarifa ya ustawi wa jamii. Mama hana mifugo, anaishi katika nyumba duni. Baba ana ng'ombe kumi na mmoja, mtoto mwenyewe amethibitisha. Hapo mama aligeuka akanitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Popo mmoja akasogea juu darini. Hakimu akamuuliza mzee Bura maoni yake, na mzee Bura akatazama vifungo vyake vya shaba akasema, "Nakubaliana na mheshimiwa."

Basi ikaamuliwa kwamba mtoto wa kike, kwa kuwa hajafikisha miaka saba, abaki kwa mama yake. Mtoto wa kiume aende kwa baba mwenye uwezo, na afisa atafuatilia maendeleo yake. Yote hayo kwa maslahi ya mtoto. Neno hilo lilitajwa mara nyingi mno, na mtoto alikuwa amekaa pale kwenye benchi, miguu haifiki chini, na hakuna mtu mzima aliyemuuliza kitu tangu siku ile ya zizini.

Nje, watu walikuwa wamejaa uwanjani wakisubiri kesi zao. Aama alimngoja mzee Bura atoke, akamwamkia kwa heshima zote kama anavyoamkiwa mzee.

"Aako," akamwambia, ndivyo tunavyomwita babu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "yule mweusi wako hajambo? Anakula vizuri kule kwa tajiri?"

Wachache walioelewa waliziba midomo. Mzee Bura alifunga kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Mama, mambo ya zizini hayaletwi mahakamani."

"Leo yameletwa kumi na moja," aama akasema, "na yamemchukua mjukuu wangu."

Baba alikuwa ameshanishika mkono. Basilisa aliniona naondoka akanishika shati kwa nyuma. "Unaenda kukojoa?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. Akaniachia. Alikuwa mtoto mwenye kuamini watu, na mimi msimu ule nilikuwa hodari wa kusema ndiyo.

Nilikaa kwa baba miezi mitatu. Shule niliiacha siku ileile, kwa sababu ng'ombe kumi na mmoja hawachungwi na mtu aliyekaa darasani. Nilichunga kwenye mabua ya ngano baada ya mavuno, upepo unapeperusha makapi mpaka yanaingia masikioni, na kwa mbali naona moshi wa nyumba ya aama juu ya kilima, karibu kabisa, mwendo wa kuchemsha chai, lakini ningeenda vipi na ng'ombe wa watu wakaingia shambani? Nilikula makande ya jana, na siku nyingine nilikunywa maziwa tu. Nyumba ilinuka pombe ya mtama. Nilipokuwa nimelala magoti yangu yalikuwa makavu na ya moto na hayana kazi. Afisa aliyepaswa kufuatilia maendeleo yangu hakuonekana hata vumbi lake. Labda alikuwa anaogopa milango.

Kisha baba akafanya jambo lisilofanyika. Alimpeleka mnadani ndama wa mtu. Hakupotea, hakuibiwa, hakufa. Alimuuza, akarudi siku ya tatu. Hapo ndipo nilipoiona mahakama ya kweli ikifanya kazi, na haikuwa na dari wala karani. Hakuna aliyemtukana baba. Hakuna aliyemshtaki. Habari ilipita tu kwenye vilima kimyakimya, mtu akimwambia mtu kisimani, na wenye ng'ombe wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mzee Bura, kabla hata ya uji, akiwa amevaa lile koti la kijani. Alimsalimia baba, akauliza habari za mvua, akafungua lango la zizi, akamtoa mweusi wake akaenda zake. Mbele ya hakimu hakuweza kumtambua ng'ombe huyo. Asubuhi ile alimtambua gizani kwenye ukungu. Baada yake wakaja wengine, wawili leo, mmoja kesho, wote wapole, wote wanauliza habari za mvua. Ndani ya wiki mbili zizi la tajiri wa mahakama lilikuwa na dume asiye na mkia na yule mwekundu wa aama, basi.

Aama alikuja wa mwisho. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linapasua ukungu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile alichompa afisa. Aama akaomba maji, akanywa, akauliza habari za mvua kama wengine. Kisha akasema amemfuata ng'ombe wake.

"Mchukue, mama," baba akasema.

"Sitaweza kumswaga peke yangu. Ameshamzoea mtoto."

"Mtoto amewekwa hapa na mahakama."

"Sawa," aama akasema. "Basi niitie mahakama ije imswage."

Baba akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi wenye dharau maishani, wenye benki, wenye magari, wazungu waliodhani nitawaibia spea, lakini hakuna aliyewahi kunitazama namna ile. Alinitazama kama unavyoitazama kamba baada ya kumtoa ng'ombe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga hesabu ndogo tu ya mtu ambaye hana tena cha kuchungwa na ana mdomo mmoja wa kulisha. "Mfikishe," akaniambia, "halafu urudi." Mimi na yeye na bibi, na nadhani hata ng'ombe, tulijua kwamba sitarudi, na kwamba hatanifuata. Nikachukua fimbo. Nilitembea nyuma ya yule mwekundu kutoka kwa baba mpaka kwa aama bila kugeuka, na hakuna hakimu, hakuna afisa, hakuna karatasi iliyowahi kujua kwamba hukumu yao imetenguliwa na ng'ombe mwenye pembe iliyoinama.

Mama alikuwa anapepeta maharage kwa mikono yote miwili. Aliweka ungo chini. Basilisa alikuwa amekaa mlangoni, na alinikagua kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Umekojoa muda mrefu," akaniambia.

Usiku ule alipopenyeza miguu yake kwenye magoti yangu, sikuisukuma. Leo ana duka la pembejeo hapa mjini, na shemeji yangu ananilalamikia kuhusu miguu hiyohiyo. Shuleni nilirudishwa kukaa na watoto wadogo, wakanicheka, nikavumilia mpaka darasa la tano nikaondoka kwenda gereji kushika spana. Watu wananisifu kwamba nimefika mbali bila shule. Ni kweli nimefika mbali. Lakini shule sikuiacha, niliondolewa, kwa neno moja nililolisema mwenyewe mbele ya uzio, na kwa kijana aliyejua kuhesabu na hakujua kuuliza.

Sasa nirudi kwenye kikao cha mwezi uliopita. Ukumbi ulikuwa mzuri, vigae, mapazia, popo hakuna. Tulipewa mabegi ya kitambaa yenye maandishi. Mtaalamu kutoka mjini alituonyesha ukutani maduara yenye mishale, duara moja mahakama, moja ustawi, moja polisi, moja jamii, na akasema sasa yataongea. Hakusema yataongea nini. Mama mmoja wa Kimaasai kutoka Piyaya, mjumbe wa kamati ya kata yake, alisimama na shanga zake akauliza swali la maana kuliko mishale yote. "Hapa kwenye fomu yenu mnauliza makazi ya kudumu ya mlezi. Boma langu linahama kufuata majani. Nikihama, mtoto si wangu tena?" Mtaalamu akamshukuru kwa mchango mzuri, akaenda kwenye duara linalofuata. Mama yule akakaa akaniambia pembeni, "Huyu hata mbuzi hajawahi kumfuata." Nikamwambia yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, tupo pamoja.

Mchana tukafanyishwa zoezi. Afisa mmoja mmoja alikaa na mdau mmoja, amhoji kama mlezi anayedai mtoto. Aliyenipata alikuwa binti mdogo, mpya kazini, mwenye kishikwambi badala ya mkoba. Aliniuliza jina, kazi, vyumba vya nyumba, choo cha aina gani. Nilimjibu kwa kujidai, maana choo changu ni kizuri. Kisha akafika chini ya fomu.

"Baba, una ng'ombe wangapi?"

Nikamsimulia haya uliyoyasoma, yote, na mimi si mtu wa kusimulia. Alisikiliza bila kugusa kioo chake. Nilipofika kwenye uzio akaniuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Nilimwambia. Hakusema pole, na nilimshukuru moyoni kwa hilo. Akatazama kile kishikwambi mapajani mwake.

"Sasa hapa kwako niandike nini, baba?"

"Andika, anakunywa maziwa."

Alijaribu. Alijaribu mara mbili, kwa vidole gumba vyote viwili. "Hapa panakubali namba tu," akasema, na uso wake ukawa na aibu ambayo sikuwahi kuiona kwenye uso wa mtu wa serikali. Karatasi ya yule kijana wa zamani, pamoja na upumbavu wake wote, angalau ilikubali maneno. Hiki cha mageuzi, bila namba, kiligoma hata kwenda ukurasa unaofuata. Tukakaa pale, mimi na yeye, tunaitazama ile nafasi tupu, mpaka tukaitwa kwenda kula.